Krismasi Ni Vita, Lakini Vinapiganwa Wapi?

Desemba ikiingia, abiria anayepanda matatu Ruiru kwenda Thika, Murang'a au Nyeri huombewa kabla gari halijatoka stejini. Mhubiri husimama kati ya viti, akakemea roho ya ajali, akayafunga mapepo yanayotaka kafara barabarani, kisha akaifunika safari kwa damu ya Yesu. Abiria huitikia amina. Nyuma ya maombi hayo kuna imani iliyokita mizizi katika eneo letu: kwamba Desemba ni mwezi wa damu, mwezi ambao Shetani hufunga hesabu zake za mwaka.

Mama mmoja katika darasa la Biblia ninalofundisha Makongeni, Thika, aliniuliza: "Mwalimu, kwani Shetani hulala Januari hadi Novemba?" Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini swali lilinifuata hadi nyumbani. Sisi tunaofundisha Maandiko tumewaachia wahubiri wa matatu habari za vita vya kiroho, nasi tukabaki na hori, nyota na kondoo. Tumegawana simulizi moja vipande viwili, na kila upande umekosa nusu yake.

Jibu langu kwa yule mama ni kwamba Krismasi ni vita kweli. Ila Maandiko yanaonyesha uwanja mwingine na silaha nyingine, tofauti na zile tunazozisikia stejini.

Jeshi lisilo na mikuki

Tuanze na Luka. Malaika wanaowatokea wachungaji kondeni anawaita kwa neno la Kigiriki la kijeshi, na wafasiri wetu wa Kiswahili walilihifadhi: ni jeshi. Jeshi hilo halishiki mkuki. Linaimba, kisha linaondoka.

Wakati wenyewe ulikuwa wa Kaisari Augusto, mtawala aliyesifiwa kwa kuleta amani kwa nguvu za upanga. Jiwe lililopatikana Priene, katika Uturuki ya leo, lina tangazo la mwaka 9 kabla ya Kristo linaloita siku ya kuzaliwa kwa Augusto mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Luka analichukua neno lilo hilo, habari njema, akampa mtoto aliyelazwa mahali pa kulishia ng'ombe. Kwa msomaji wa karne ya kwanza, huo ulikuwa uchokozi wa wazi.

Matayo anatupeleka mbali zaidi. Anamleta Herode, aliyetawala Yudea tangu mwaka 37 hadi mwaka 4 kabla ya Kristo. Mwanahistoria Yosefo anasimulia jinsi mfalme huyo alivyowaua wanawe watatu: Aleksanda na Aristobulo kwanza, kisha Antipatro, siku chache tu kabla ya yeye mwenyewe kufa. Habari ya mauaji ya watoto wa Bethlehemu tunaipata kwa Matayo peke yake, na kwa kuwa Bethlehemu kilikuwa kijiji kidogo, huenda waliouawa hawakuzidi makumi machache. Lakini kitendo kinalingana na mtu. Mfalme mwenye askari na ngome alimwogopa mtoto ambaye hata meno hajaota, na hofu yake ikalipwa na watoto wa wengine. Yusufu na Mariamu wakakimbilia Afrika, nchi ya Misri, wakawa wakimbizi.

Kanisa halikutaka tusahau. Desemba 26 ni siku ya Stefano, shahidi wa kwanza, na Desemba 28 ni ya Watoto Mashahidi. Nyama ya Krismasi haijaisha jikoni, na tayari kalenda inatuitia matanga.

Kisha kuna sura ya 12 ya Ufunuo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo Krismasi inayosimuliwa kutoka upande wa mbinguni. Mwanamke yuko katika utungu, na joka limesimama mbele yake likimsubiri mtoto azaliwe limmeze. Vita vinazuka mbinguni, Mikaeli na malaika zake wakipigana na joka. Mtoto haliwi, joka linatupwa chini, nalo kwa hasira linawageukia ndugu za mtoto. Hapo ndipo wahubiri wetu wanapochukua lugha yao, na hawakuitunga.

Hakuna mabingwa wawili

Wahubiri hao wanapopotoka ni pale wanapohubiri kana kwamba ulingoni kuna mabingwa wawili wa uzito mmoja, na huku hatujui nani atashinda. Mafundisho hayo ya nguvu mbili zinazolingana ni ya zamani na yana jina: Umani, yaani mafundisho ya Mani. Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliyafuata kwa takriban miaka 9 ya ujana wake kabla hajayakataa. Baadaye alifundisha kwamba uovu hauna uhai wake wenyewe. Ni upungufu wa wema, kama kutu inavyohitaji chuma ili iwepo.

Wazee wa Kikuyu wangemwelewa bila shida. Jomo Kenyatta, mwana wa Gatundu hapa jirani, aliandika katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938 kwamba Ngai hana baba, hana mama wala hana mwenzi. Katika imani hiyo hakuna Shetani anayekaa kiti cha pili akisubiri zamu yake. Kwa hiyo mhubiri anayetumia dakika 20 kumtaja Shetani na dakika 2 kumtaja Mungu ameiacha imani ya Kanisa, na ya babu zake ameiacha pia.

Baridi ya Roma, jua la Thika

Watu wengi waliofundishwa habari ya vita vya wema na uovu waliipokea kwa picha ya nuru na giza, picha inayoshikamana na tarehe yenyewe ya Krismasi. Ushahidi wa mapema ulio wazi zaidi wa Krismasi ya Desemba 25 umo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354. Wapo wanaosema tarehe hiyo ilichukuliwa kwenye sikukuu ya jua, na wapo wanaosema ilihesabiwa miezi 9 kutoka Machi 25, siku iliyoaminika kuwa ya kutungwa kwa mimba ya Yesu. Vyovyote iwavyo, mtu wa Roma aliielewa picha hiyo bila mahubiri: Desemba usiku wake ni mrefu, baridi ni kali, kisha mchana unaanza kurefuka.

Sisi tuko Thika, digrii 1 hivi kusini mwa ikweta. Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, iwe Juni au Desemba. Desemba yetu ni ya jua na vumbi. Giza la kaskazini tunaliimba katika nyimbo za Krismasi, lakini ngozi zetu hazilijui. Tunahitaji picha nyingine, nayo iko shambani kwetu.

Somo la Ruiru 11

Desemba katika nchi ya kahawa ni mmoja wa miezi ya mwisho ya mavuno makuu. Mkulima wa Kiambu anajua adui yake ni nani: ugonjwa wa kuoza matunda, ambao wengi huuita kwa herufi tatu tu za jina lake la Kiingereza, CBD. Uligunduliwa Kenya mwaka 1922. Kuvu wake hulishambulia tunda likiwa bado bichi, likawa jeusi, likanyauka au kuanguka. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa moja: kupiga dawa. Mvua ikinyesha dawa inasombwa, mkulima anarudi tena na pampu mgongoni, na gharama inakula faida.

Baada ya ugonjwa huo kuleta hasara kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walianza mwaka 1971 kutafuta njia nyingine. Walichukua mibuni yenye kinga ya asili, miongoni mwake ule uitwao Rume Sudan, kutoka Sudan Kusini ya leo, wakaichanganya na mibuni yetu yenye ladha nzuri. Mwaka 1985 wakatoa aina waliyoiita kwa jina la mji: Ruiru 11. Kinga yake haimwagwi juu ya majani. Imo ndani ya mti wenyewe. Na mkulima mwenye mibuni ya zamani si lazima aing'oe. Anaweza kuibebesha chipukizi la Ruiru 11 juu ya shina lile lile la zamani.

Sasa msikilize Athanasio, askofu wa Aleksandria, huko huko Misri alikokimbizwa mtoto Yesu. Katika karne ya nne alijiuliza kwa nini Mungu hakuuondoa uovu kwa neno moja kutoka mbinguni. Jibu lake lilikuwa kwamba uharibifu haukuwa nje ya mwili wa binadamu. Ulikuwa umeingia ndani, kwa hiyo uhai nao ulipaswa kuunganishwa na mwili huo kutoka ndani. Alitoa mfano wa bua kavu: ukilikinga na moto, halitaungua leo, lakini linabaki bua linaloogopa moto. Likivikwa kitu kisichoshika moto, halina tena la kuogopa.

Athanasio hakuwahi kuuona mbuni, lakini mkulima wa Ruiru anamwelewa mara moja. Maombi ya kukemea ni kama kupiga dawa. Yana nafasi yake, ila mvua ikija yanasombwa. Krismasi ni kubebesha. Mungu anachukua shina letu la zamani, lenye ugonjwa na lenye historia, anaweka juu yake uhai usiooza. Uwanja wa vita ni mwili wa binadamu, kuanzia ule uliolala horini.

Mfano una mipaka yake. Ruiru 11 isipopogolewa, isipowekewa mbolea, itakupa mavuno hafifu pamoja na kinga yake yote. Vivyo hivyo aliyebatizwa na kumkataa Shetani mbele ya kanisa zima bado ana kazi ya kufanya kila siku.

Herode hapa kwetu

Ikiwa uwanja ni mwili, basi uovu tuutafute pale miili inapoumizwa. Kati ya Ruiru na Thika unapita mto Ndarugu. Katika msitu wa jina hilo, mwaka 1934, polisi wa kikoloni waliwapiga risasi na kuwaua waumini wa dhehebu la Akurinu, akiwemo kiongozi wao Joseph Ng'ang'a. Serikali yenye bunduki iliwaogopa watu waliojitenga msituni kusali. Huyo ni Herode.

Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwemo. Hakuna pepo aliyeichanganya methanoli hiyo. Aliichanganya mtu aliyejua thamani ya pesa kuliko ya jirani. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi, ulifukuliwa maiti zaidi ya 400 za waumini wa kundi lililohubiriwa kufunga hadi kufa, na baadaye mashtaka ya mauaji yakataja watoto 191. Mahubiri yaliyosikika pale yalijaa vita vya kiroho. Fundisho lolote linaloanza na Shetani na kuishia na mtoto aliyekufa njaa limejiunga na jeshi la Herode, hata likitaja jina la Yesu kila sentensi.

Na barabara? Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika ajali. Barabara kuu ya Thika, kilomita 50 hivi zilizofunguliwa rasmi mwaka 2012, ina njia pana na vivuko vya juu vya waenda kwa miguu. Lakini hata huko, dereva aliyekesha siku mbili bila kulala kwa sababu Desemba nauli imepanda hahitaji kusukumwa na pepo ili aue. Mlevi anayetoka kwenye baa za Kamakis, Ruiru, usiku akiwa ameshika usukani naye hahitaji. Tukimtwika Shetani mzigo wote, tunawapunguzia hawa mzigo wao.

Kwa hiyo, mama wa Makongeni, Shetani halali mwezi wowote, na Desemba haina ruhusa maalumu ya damu. Nakuomba mambo mawili, wewe na msomaji. Desemba 28 rudi kanisani, hata viti vikiwa vitupu, uwakumbuke watoto wa Bethlehemu na wa Shakahola. Na siku ya safari, mhubiri akiomba stejini Ruiru, itikia amina. Kisha gari likishika kasi ya kutisha, mwambie dereva apunguze, hata kama ndani ya gari zima utakuwa wewe peke yako unayesema.