Harufu ya Mwili Isiyoondoka kwa Kuoga: Tuielewe na Tuipime

Wapo waamini wanaochagua benchi la mwisho, karibu na mlango, na kuondoka kabla ya baraka. Si uvivu wa ibada. Miili yao hutoa harufu kali kama shombo la samaki aliyeoza, na maji, sabuni wala manukato haviiondoi. Wengine huwaita wachafu, wengine husema wamerogwa. Tunaona ni wajibu wetu kueleza kwamba miongoni mwao wamo wagonjwa, na kwamba ugonjwa huo hupimika.

Kitaalamu unaitwa trimethilaminuria. Madaktari waliueleza mwaka 1970, na mwaka 1997 ikathibitishwa kwamba unatokana na hitilafu katika jeni iitwayo FMO3.

Tunapokula mayai, maini, figo, maharage, soya au karanga, bakteria wa utumboni huzalisha kemikali yenye shombo, yaani trimethilamini. Samaki wa baharini nao huiongeza. Kwa kawaida kimeng'enya cha ini huigeuza ikawa haina harufu, kisha hutoka kwa njia ya mkojo. Kimeng'enya hicho kikiwa na hitilafu, kemikali hubaki ilivyo na kutoka katika jasho, pumzi na mkojo.

Mara nyingi ugonjwa hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe kwa kawaida hawana dalili. Wakiwa wote wamebeba jeni hiyo, kila mtoto wao ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuupata. Basi si haki baba kumlaumu mama, wala ukoo mmoja kuunyooshea mwingine kidole.

Harufu hiyo huzidi na kupungua. Huongezeka wakati wa homa, hedhi, kutoka jasho jingi au msongo wa mawazo. Ndiyo maana mgonjwa aweza kufika kwa daktari siku ambayo hanuki, akaambiwa ni mawazo yake tu. Asikate tamaa, aombe kipimo.

Kwanza daktari atachunguza sababu nyingine, kama magonjwa ya fizi, maambukizi ya njia ya mkojo au ukeni, na matatizo ya ini au figo. Kisha hupimwa mkojo, kulinganisha kiasi cha trimethilamini yenye harufu na kile kilichokwisha kugeuzwa. Kabla ya kipimo mgonjwa asijinyime chakula chake cha kawaida. Pengine ataelekezwa kula samaki wa baharini, kwa sababu aliyejinyima aweza kuonekana mzima. Huenda kipimo kikarudiwa, na kipimo cha jeni huweza kuthibitisha. Kwa kuwa ni kazi ya maabara maalumu, mgonjwa aombe rufaa.

Tiba ya kuuondoa kabisa haijapatikana, lakini nafuu ipo. Wengi husaidiwa kwa kupunguza vyakula vilivyotajwa na kutumia sabuni yenye asidi kidogo, yaani pH kati ya 5.5 na 6.5. Daktari aweza pia kutoa antibiotiki kwa muda mfupi. Mama mjamzito au anayenyonyesha asipunguze vyakula hivyo bila ushauri wa daktari, kwa kuwa mtoto anahitaji virutubisho vyake.

Ayubu alilalamika kwamba pumzi yake imekuwa chukizo kwa mkewe (Ayu 19:17), na rafiki zake wakaitafuta dhambi iliyomletea mateso. Tusilirudie kosa lao. Hitilafu ya kimeng'enya si ushahidi wa dhambi, wala si kazi ya mchawi.

Katika Jumuiya zetu, anayefahamu hali ya mwenzake amweleze faraghani, kwa heshima, na ikiwezekana amsindikize hospitalini. Na tunapotakiana amani katika Misa, mkono wetu ufike hata benchi la mwisho.