Kiingilio cha Mikumi

Basi la kwenda Iringa likishaipita Doma, abiria huanza kubadilika. Aliyelala huamshwa na jirani yake. Watoto husogezwa dirishani. Simu zilizokuwa zikionyesha filamu hugeuzwa kamera. Mtu wa upande wa kushoto akisema "twiga!", wa upande wa kulia husimama kwenye ujia, na konda ambaye tangu Mbezi amekuwa akiwakaripia wanaosimama hunyamaza, naye akachungulia. Kwa kilomita 50 zinazofuata, basi zima ni watalii.

Mimi tembo wa kwanza maishani mwangu nilimwona hivyo, nikiwa nimepakatwa na mama, pua imebanwa kwenye kioo chenye vumbi. Nimekuja kugundua kwamba wenzangu wengi waliokulia nyanda za juu kusini wana kumbukumbu hiyohiyo. Hawajafika Serengeti, na kreta ya Ngorongoro wameiona kwenye kalenda tu. Lakini ukiwauliza kama wamewahi kumwona nyati, watakuambia: ndiyo, Mikumi, tukienda msibani Mbeya; Mikumi, nikirudi shule Songea. Barabara hii imewafundisha Watanzania wanyama wao kuliko kitabu chochote cha shule.

Mgeni anayeingia kwa geti hulipa kiingilio. Sisi wa basini hatudaiwi hata shilingi. Hata hivyo naamini kiingilio chetu kipo, na wengi wetu tumekuwa tukipita bila kukilipa. Kiingilio hicho ni mwendo.

Mikumi imepata jina lake kwa miti ya mikumi, jamii ya mivumo, inayosimama mirefu na mikavu kwenye tambarare. Ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Njia ya kutoka Morogoro kwenda Iringa ilikuwa imeshapita hapo kabla. Kilichobadilisha kila kitu ni siasa za kusini mwa Afrika. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, ikajikuta imebanwa. Njia ya kutokea ikawa Dar es Salaam. Maroli ya mafuta yakaanza kupishana kwenye barabara ya vumbi, tope na makorongo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia ilikuwa imekamilika. Reli ya TAZARA ilifuata, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Nakumbusha historia hiyo kwa sababu sitaki mtu adhani barabara hii ilipitishwa hifadhini kwa uzembe. Ilijengwa kwa ajili ya jirani aliyekuwa amebanwa koo, na ni sehemu ya heshima ya nchi hii. Leo inabeba shaba ya Zambia na Kongo, mafuta, saruji, mahindi, viazi vya Njombe, wagonjwa na wanafunzi. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia serikali yetu kujenga barabara ya lami ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Kwa Serengeti swali liliulizwa kabla lami haijamwagwa. Kwa Mikumi lami ipo, na swali lililobaki ni namna ya kuishi nayo.

Ukitazama ramani utaona kwa nini jambo hili ni zito. Kaskazini mwa barabara kuna tambarare ya Mkata, ambako nyasi na maji huwakusanya pundamilia, nyumbu, nyati na swala pala. Kusini kuna vilima vya miombo vinavyoendelea hadi kukutana na ardhi iliyokuwa Pori la Akiba la Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo wanatumia pande zote mbili. Majira yakibadilika, wanavuka kufuata maji na malisho, kama walivyovuka kabla ya roli la kwanza kupita. Katikati ya njia zao kuna lami.

Tena lami yenyewe inawaita. Mvua ikinyesha, maji hutiririka pembeni, na nyasi za kando ya barabara hubaki mbichi pale ambapo ndani ya pori zimeshakauka. Swala hufuata nyasi hizo. Jioni lami hubaki na joto la jua, na viumbe wadogo huja kulala juu yake. Nyani ndio tumewaita wenyewe, kwa maganda ya ndizi, vigunzi vya mahindi ya kuchoma na maboksi ya chipsi yanayorushwa dirishani. Sungura akigongwa usiku, mzoga wake humleta mbweha alfajiri, na mbweha naye hugongwa. Mauti ya kwanza huzaa ya pili.

Mwaka juzi niliingia Mikumi kwa geti kwa mara ya kwanza. Tulikuwa wanne, tumechangishana gari kutoka Morogoro, na tulifika asubuhi ukungu bado umelala Mkata. Ada ya Mtanzania ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mgeni. Kinachotushinda wengi ni gari la kuzungukia. Tulimkuta simba jike amelala juu ya kichuguu, kidevu kwenye miguu, akitutazama bila kutujali. Tukafika kwenye bwawa la viboko, tukahesabu migongo mpaka tukachanganyikiwa. Baadaye tukasimama karibu na kundi la swala pala, tukazima injini. Kulikuwa na utulivu wa kusikia nyasi zikikatwa kwa meno. Kisha kwa mbali likaja roli linapunguza gia, lile guno refu la breki za injini. Nilitazama swala. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Askari wa hifadhi aliyekuwa nasi aliona nimeshtuka. "Huo mlio wamezaliwa wameukuta, kaka," aliniambia. "Kwao ni kama upepo."

Maneno hayo yamenikaa. Tunadhani mnyama ataogopa honi, atakimbia taa, atajua kwamba chuma hiki kinaua. Wa Mikumi wamezizoea sauti zetu tangu wakiwa tumboni. Ulinzi pekee waliobaki nao uko kwenye mguu wa kulia wa dereva.

Hebu tupige hesabu. Tuchukue basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa mabasi kwenye barabara kuu. Kila sekunde linakula mita 22. Swala akiruka kutoka kwenye majani, dereva mwenye macho mazuri anahitaji kama sekunde moja ya kuona na kuamua, na hizo mita 22 zimeshakwisha kabla breki hazijaguswa. Likienda 50, sekunde hiyohiyo inakula mita 14. Breki zikishashikwa, tofauti inazidi kuwa kubwa, kwa sababu umbali wa kusimama haupandi sambamba na mwendo: kwa 80, basi linahitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya umbali linaouhitaji kwa 50. Huo ndio umbali kati ya swala aliyevuka na swala aliyekufa. Mara nyingine ndio umbali kati ya abiria waliofika na abiria waliopinduka, maana ukimgonga nyati au twiga, nawe hutoki salama.

Na gharama yake? Kilomita 50 kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 37 na nusu. Kwa mwendo wa 50 huchukua saa moja kamili. Tofauti ni dakika 22 na nusu, kwenye safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya inayomaliza mchana mzima. Tunapoteza zaidi ya hapo kwenye foleni ya Kibaha. Tembo jike hubeba mimba miezi 22 kumpata ndama mmoja. Sioni namna ya kumwambia kwamba dakika 22 zimetushinda.

Hatua zimechukuliwa, na zinastahili kutajwa. Kuna matuta, kuna mabango ya kupunguza mwendo, na kuna bango linaloorodhesha wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja. Nimewahi kulisoma taratibu, mstari kwa mstari. Faini inamtisha dereva, na ni haki imtishe. Lakini faini hutozwa kwa aliyekamatwa, na usiku barabara ni ndefu. Kwa miaka mingi mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Tangu mwaka 2023 yameruhusiwa tena. Ninajua faida zake kwa mfanyabiashara na kwa mgonjwa. Ninachoomba ni kwamba ruhusa hiyo ije na sharti lake hapa Mikumi: ratiba za mabasi zihesabu saa nzima ya kupita hifadhini, ili dereva asilazimike kuiba dakika kwa wanyama ili afike kwa wakati wa tajiri. Mabasi yetu tayari yanafuatiliwa mwendo kwa vifaa vya kielektroniki. Kipande hiki cha kilomita 50 kinaweza kusomwa peke yake, gari kwa gari.

Sehemu iliyobaki ni yetu sisi abiria, na hapa nina deni la kukiri.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda basi la jioni kutoka Iringa. Dereva alikuwa amechelewa na alikuwa akifidia. Giza lilitukuta ndani ya hifadhi. Niliona namna miti inavyokimbia kwenye mwanga wa taa, nikajua huu si mwendo wa hapa. Nilinyamaza. Wote tulinyamaza. Kisha tukasikia kishindo kimoja, si kikubwa, kama mzigo ulioanguka kwenye buti. Basi halikusimama. Tulipofika Morogoro konda alishuka na ndoo ya maji, akaosha bampa la mbele kwa mkono, akitoa manyoya ya rangi ya kahawia yaliyonasa kwenye kibao cha namba. Maji mekundu yalipita karibu na viatu vyangu. Watu walikuwa wakinunua maandazi. Sikusema neno hata pale.

Safari iliyofuata, mchana, kwenda Iringa, palikuwa na bibi mmoja kiti cha pili nyuma ya dereva, amejifunga kitenge, kapu la dagaa miguuni. Tulipoingia hifadhini basi likiwa bado kwenye kasi, alisimama akashika nondo ya kiti. "Mwanangu," alimwambia dereva, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "punguza hapa. Hawa hawana wa kuwasemea." Dereva alimtazama kwenye kioo. "Haya, bibi," akasema, na basi likashuka mwendo.

Mbele kidogo tukakuta tembo saba wanavuka kwenda kaskazini. Tulisimama mbali nao. Jike mmoja alibaki katikati ya lami, uso kwetu, masikio yamefunguka, hadi ndama wa mwisho alipopanda tuta la upande wa pili. Kisha akageuka akawafuata bila haraka. Dereva alisubiri kidogo baada ya majani kutulia, kuhakikisha hakuna aliyebaki nyuma, ndipo akaingiza gia.

Tulifika Iringa jua bado lipo. Nami tangu siku hiyo, nikipita Doma, husogea kiti cha mbele.