Mbwa Wako Anashikika?

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikitangazwa kwenye baraza, wengi wetu hubaki nyumbani. Si kwamba hatutaki. Mbwa hashikiki! Hajawahi kuvaa kitu shingoni, na akiona kamba anatoroka ama anauma. Basi chanjo inampita. Nasi twajua dalili za ugonjwa huu zikishamtokea mtu, ni nadra sana apone. Ili uishe kijijini, yafaa angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe. Kwa hivyo ukanda na kamba si maringo ya watu wa mjini.

Ukanda wa namna gani?
Chagua ngozi laini au utepe wa nailoni kama ule wa mkoba. Kwa mbwa mkubwa wa kawaida, upana wa sentimita 2 na nusu unatosha. Hata mshipi mkuukuu wa suruali unafaa. Fundi wa viatu ataukata na kuutilia pete ya chuma. Ukishaufunga, vidole viwili vipite kati ya ukanda na shingo. Vikikataa, umekaza. Ukilegea sana, mbwa atauvua. Mtoto wa mbwa mpime kila wiki: shingo inakua, ukanda haukui.

Waya tusitumie kamwe, wala kamba nyembamba shingoni. Huingia nyamani na kuleta kidonda. Mnyororo unaojikaza, na ule wenye meno, tuachane nayo pia. Mbwa anayeumizwa koo huogopa mkono wa mtu, na mbwa mwoga ndiye huuma.

Na kamba?
Mita 2 zinatosha. Katani iliyosokotwa ni nzuri. Nailoni nyembamba huchoma kiganja mbwa akivuta. Ifunge kwenye ile pete, si shingoni. Mnyororo wa kawaida utamfaa mbwa anayetafuna kamba, lakini ni mzito kwa mtoto wa mbwa.

Tumzoeze pole pole
1. Mvalishe ukanda dakika chache wakati wa kula.
2. Akizoea, funga kamba aiburute ukimwangalia.
3. Sasa shika kamba, mtembee. Akivuta, simama. Kamba ikilegea, mpe kipande cha ugali, muendelee. Usimpige.

Tuanze mapema, tusingoje siku ya chanjo. Siku hiyo mtu mzima ndiye ashike kamba, sio mtoto.

Tahadhari: mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoka mate na kuuma ovyo, usijaribu kumfunga. Mwite afisa wa mifugo. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ya kuzungumza kikundini
Mabomani mwetu kuna mbwa wangapi? Wangapi wanashikika? Ni nani kati yetu anaweza kushona mikanda, na kila mmoja achange ngapi?