Kujitolea Ughaibuni: Maswali Kabla ya Kufunga Begi

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 20, unafika Bujora, karibu na Kisesa. Hapo pana makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye wenyeji walimwita Fumbuka. Kila Juni, katika sherehe za Bulabo, vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hupambana uwanjani kwa ngoma. Wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe juu, huyazungusha na kuyadaka bila kupoteza pigo, huku umati ukishangilia.

Ngoma hiyo ilizaliwa shambani. Vijana wa kijiji walilima pamoja kwenye mashamba ya wenzao, ngoma ikiwapa mwendo wa jembe, na mwenye shamba akiwapikia au kuwatolea ng'ombe. Walikuwa na viongozi wao na masharti yao. Aliyetegea kazi alichukuliwa hatua. Kwa hiyo kijana wa Kisesa au Magu anayeona tangazo la kwenda ng'ambo kujitolea katika kijiji cha kuishi kijamaa hakutani na jambo geni kabisa. Kipimo anacho nyumbani: nani anafanya kazi, nani anaamua, mavuno yanakwenda wapi, na mgeni anahesabiwa kuwa nani?

Maswali hayo manne yatangulie pasipoti.

Vijiji vya namna hiyo vinavyojulikana zaidi duniani ni vibutsi vya Israeli. Cha kwanza, Degania, kilianzishwa mwaka 1910 kusini mwa Ziwa la Galilaya. Wanachama walimiliki kila kitu kwa pamoja, wakala katika bwalo moja na kupokezana kazi. Leo vibutsi ni takriban 270. Baada ya vita vya mwaka 1967, vijana wa Ulaya na Marekani walimiminika huko kwa maelfu, wakakamua ng'ombe, wakachuma matunda, wakafua nguo na kuosha vyombo. Malipo yao yalikuwa chumba, chakula na pesa kidogo ya matumizi. Lakini madeni makubwa ya miaka ya 1980 yaliviyumbisha vijiji hivyo, na vingi sasa huwapa wanachama mishahara inayotofautiana. Anayekwenda akitarajia usawa wa mwaka 1910 atakuta maisha mengine.

Tanzania nayo imewahi kupokea wageni wa aina hiyo. Mwaka 1963 Mwingereza Ralph Ibbott, mkewe Noreen na watoto wao walihamia Litowa, Songea, kijiji kilichoanzishwa na vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Ibbott alikuwa ameshaishi na kufanya kazi katika shamba la ushirika la misheni ya St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, na Litowa alifika akiwa mshauri. Uamuzi ulibaki kwa wanakijiji na mikutano yao. Kutoka Litowa kilikua Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, chenye vijiji zaidi ya kumi na vitano, na Mwalimu Nyerere alikitazama kama mfano wa ujamaa alioutaka.

Hata hivyo, tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali zake zilichukuliwa, na wageni waliokuwa wakikisaidia wakaondoka nchini. Kijiji kinaweza kuwa kizuri, wenyeji wake wakarimu, na bado maisha ya mgeni yakageuzwa kwa siku moja na maamuzi ya siasa asiyokuwa na sauti ndani yake. Anayekwenda kuishi katika kijiji cha watu anaingia pia katika siasa za nchi yao.

Hilo lilijitokeza kwa uchungu mwaka 2023. Watanzania walikuwa wakienda Israeli kwa mafunzo ya kilimo ya vitendo, wakifanya kazi na kusoma. Miongoni mwao walikuwa Joshua Mollel, aliyepelekwa kibutsi cha Nahal Oz, na Clemence Mtenga, aliyekuwa Nir Oz; vyote viwili viko jirani na Gaza. Wote wawili waliuawa katika shambulio lililotoka Gaza tarehe 7 Oktoba. Mollel alikuwa na umri wa miaka 21, na hakuwa hata amemaliza mwezi mmoja nchini humo. Mwili wake ulibaki Gaza zaidi ya miaka miwili, ukarejeshwa Novemba 2025. Katika vita vilivyofuata, makumi ya maelfu ya Wapalestina wameuawa. Familia inayombariki mtoto wake kusafiri ina haki ya kuijua ramani ya pale anapokwenda: mpaka uko umbali gani, makombora yamewahi kufika, na ardhi hiyo ina mgogoro gani.

Vijana hao wawili hawakwenda kama watu wa kujitolea, na tofauti hiyo ina uzito. Mwanafunzi wa mafunzo kazini ana mkataba, ujira na chuo kinachomsimamia. Anayejitolea hana mshahara. Kibarua ana viza ya kazi na haki zake za kisheria. Mtu akiitwa mwanafunzi huku akifanyishwa kazi ya kibarua kutwa nzima, au akiitwa wa kujitolea katika shamba linalouza mazao kwa faida, ajue kuna kasoro. Viza inayoandikwa kwenye pasipoti ilingane na kazi atakayoifanya kweli.

Mambo mengine yanaonekana madogo mpaka yanapomfika mtu. Nani atalipia matibabu akivunjika mkono akiwa juu ya ngazi ya kuchumia matunda? Nauli ya kurudi iko mkononi mwa nani? Pasipoti itakaa kwa mwenyewe? Kuna ubalozi wa Tanzania? Huko Israeli upo tangu mwaka 2018, jijini Tel Aviv. Wakala anayedai ada kubwa kwa nafasi iliyotangazwa kuwa ya bure anapaswa kukataliwa hapo hapo, hata kama ameletwa na jamaa.

Na kabla ya kulipa hata shilingi moja, kijana aombe kijiji hicho kimpe namba za simu za watu wawili waliojitolea hapo mwaka uliopita, mmoja wao akiwa Mwafrika. Awapigie mwenyewe, baba na mama wakisikiliza, na aulize walilala wapi, waliamka saa ngapi, na kama waliwahi kuitwa kwenye mkutano wa kijiji.