Je, Wajua? Nyumba ya Uani na Sheria za Jiji

Je, wajua kwamba nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam imezaliwa na uani wake? Korido katikati, vyumba huku na huku, na mlango wa nyuma unaofungukia ua wenye jiko, bafu na choo. Ubavuni mwa ua ndipo vyumba huongezwa kimoja kimoja, kadiri matofali yanavyopatikana: cha kijana aliyekua, cha bibi aliyeletwa mjini kutibiwa, kisha cha mpangaji. Ukipita Tandika, Manzese au Mbagala, utakuta watu wengi wanaoishi nyuma ya nyumba za wengine. Makazi ya namna hii yanastahili kanuni zinazoyataja waziwazi.

Je, wajua kwamba Wajerumani waliligawa jiji kwa aina ya majengo? Kanuni yao ya ujenzi ya 1914 iliweka kanda tatu. Ya kwanza ilitaka nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Ya tatu ikaachiwa nyumba za Waafrika. Rangi ya mtu haikuhitaji kuandikwa, maana nani mwingine angemudu nyumba ya Kizungu? Waingereza waliirithi hali hiyo, na majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yakakaa vinywani hadi leo.

Mipango mikuu ya jiji ilitoka 1949, 1968 na 1979. Uliofuata ni wa 2016 hadi 2036. Katika pengo hilo Mbagala, Tegeta na Goba zilijaa nyumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi.

Je, wajua kwamba viwanja vingi vya Sinza na Kijitonyama vilipimwa vikiwa na mita za mraba 288 tu? Ulikuwa mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliokopeshwa fedha na Benki ya Dunia. Barabara na mabomba vilitangulia, kisha kila familia ikajenga kwa nguvu zake. Lakini viwango vya 1997 vilipotoka, kiwanja kidogo cha makazi kikatakiwa kuanzia mita za mraba 400. Yaani mtaa uliopangwa na Serikali yenyewe, wenye njia zilizonyooka, usingepita kwenye kanuni ya miaka ishirini baadaye! Profesa Lusugga Kironde wa Chuo Kikuu Ardhi alieleza katika makala ya 2006 kwamba viwango vya juu namna hii huwasukuma watu wa kipato cha chini nje ya mpango. Namwunga mkono kabisa. Asiyeweza kununua mita 400 haachi kujenga, anajenga pasipopimwa.

Tena, wachumi wakiongozwa na Guy Michaels walichunguza viwanja hivyo vya miaka ya 1970 katika miji ya Tanzania, wakachapisha matokeo 2021. Maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yalikuwa na nyumba bora na mpangilio bora kuliko mitaa iliyoboreshwa baada ya watu kujaa. Udogo wa kiwanja haukuwa kikwazo. Naona kilicholeta tofauti ni kuitenga njia mapema, kabla mtu hajaweka msingi juu yake.

Turudi uani: kibali cha ujenzi kinahitajika hata kwa vyumba vya nyuma. Wengi hudhani kibali cha nyumba kubwa kinatosha. Peleka ramani ya nyongeza Manispaa kabla fundi hajachimba msingi. Ukuta uliokwisha kusimama ni ghali kuuhamisha.

Je, wajua kwamba kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 nchini kilianzia Dar es Salaam, na Kinondoni ikaumia mapema? Hapa ndipo kanuni za nyumba ya uani zinapogusa uhai. Sehemu kubwa ya jiji haina bomba la majitaka, kwa hiyo vyumba vinne vipya vinamaanisha familia nne zaidi kwenye shimo lilelile. Mvua ya masika ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo, na uchafu unapita mlangoni kwa jirani hadi kisimani. Kama ningepewa nafasi ya kuandika kifungu kimoja tu, kingehusu choo: idadi ya watu kwa kila tundu, umbali wa shimo na kisima, na upenyo wa gari la kunyonya. Urembo wa paa ungesubiri.

Kwa upande wa gharama, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, zikawa 1,500 kuanzia Julai 2023. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, ila anayeingiza tokeni ndiye anayekatwa. Mpangaji, zungumza na baba au mama mwenye nyumba, ipunguzwe kwenye pango. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, kwa hiyo mkataba wako wa maandishi ndio kinga yako kubwa, hasa unapodaiwa miezi sita mbele.

Nje ya Tanzania, California ya Marekani ililegeza masharti ya nyumba za uani jimbo zima kwa sheria za 2016. Nairobi ina funzo la upande wa pili: Dandora, mradi wa viwanja 6,000 wa miaka ya 1970, palipoota maghorofa ya kupangisha yaliyobanana hadi mwanga ukakosa pa kupita. Kuruhusu bila kupima hewa na njia ni hatari sawa na kukataza.

Na je, wajua kwamba Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwakutanishe wadau inapoandaa mpango? Mkutano ukiitwa kwenye mtaa wenu, mpangaji wa chumba cha nyuma naye aende, aseme choo chao kinatumiwa na watu wangapi.