Mafuta Kwenye Ini: Kuyaona si Kuyapima

Ripoti nyingi za ultrasaundi ya tumbo siku hizi huja na mstari huu: ini lina mafuta, daraja la 1. Mgonjwa hushtuka, kisha huuliza swali la maana kabisa: mafuta kiasi gani? Ultrasaundi ya kawaida haina jibu.

Anachofanya daktari wa picha ni kulinganisha. Huliweka ini kwenye skrini sambamba na figo ya kulia. Kwa mtu mzima mwenye afya, weupe wa ini na wa figo unakaribiana. Matone ya mafuta hurudisha mwangwi mwingi zaidi, basi ini likang'aa kuliko figo. Hayo madaraja ni makadirio ya jicho, na madaktari wawili huweza kutofautiana kwa picha hiyohiyo. Tena mafuta yakiwa chini ya asilimia 20 hivi, mara nyingi hayaonekani. Kwa hiyo mgonjwa, hasa wa kisukari, asiambiwe ini lake ni safi kwa ultrasaundi peke yake.

CT hutoa namba, lakini hukamata zaidi mafuta yaliyokithiri, na ina mionzi. Kumpiga mtu CT kwa ajili ya mafuta tu ni kumwonea.

Kipimo chenyewe hasa ni MRI. Hidrojeni ya kwenye maji na ya kwenye mafuta hazizunguki kwa kasi moja. Katika mashine ya tesla 1.5 zinapishana kwa mizunguko kama 220 kwa sekunde. Kwa hiyo kuna nukta ambapo ishara za maji na za mafuta hujumlishana, na milisekunde 2.3 baadaye zinapingana. Mwaka 1984 Thomas Dixon alionyesha jinsi ya kutumia tofauti hiyo kutenganisha maji na mafuta. Leo mgonjwa hubana pumzi kwa sekunde chache tu, na kompyuta hutoa asilimia ya mafuta kwa ini zima. Ikifika 5 hivi, ini limeshaingia mafuta. Sindano ya kuchukua kinyama, kwa kulinganisha, hupata kama sehemu moja tu kati ya 50,000 za ini.

Hata hivyo, kinachoharibu ini zaidi ni makovu, na asilimia ya mafuta haiyaonyeshi. Kabla hujalipia MRI, mwombe daktari akukokotolee FIB-4, alama ya kukadiria makovu hayo: inahitaji umri wako, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani za damu, basi.