Gitaa la Umeme Nyumbani: Wati Ngapi Zatosha?

Tumbe, iliyoko kaskazini ya kisiwa cha Pemba katika Wilaya ya Micheweni, hujulikana zaidi kwa diko lake na soko la samaki kuliko kwa muziki. Hata hivyo ala za nyuzi si ngeni katika visiwa hivi. Udi, ganuni na fidla zimepigwa katika taarabu ya Zanzibar kwa zaidi ya miaka mia moja, na ng'ambo ya bahari, mjini Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star vilijipatia sifa katika miaka ya 1960 na 1970 kwa kuliingiza gitaa la umeme katika taarabu. Kijana wa leo anayetaka kujifunza gitaa hilo nyumbani hana la kushangaza.

Ugumu wake ni huu. Udi una tumbo la mbao lililo wazi ndani, nalo hutikisika pamoja na hewa iliyomo na kuikuza sauti ya nyuzi. Gitaa la umeme halina tumbo. Ni ubao mzito, na sauti yake bila mtambo haizidi mnong'ono. Basi hapana budi mpigaji anunue amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti pamoja na spika yake. Afikapo dukani, swali lake la kwanza, na aghalabu la pekee, huwa: "Hii ni ya wati ngapi?" Huamini kwamba yenye wati 100 ni bora mara kumi kuliko yenye wati 10, na akiwa na fedha huinunua. Imani hiyo ni kosa la hesabu, nalo humgharimu fedha, usingizi wa majirani, na pengine masikio yake mwenyewe.

Wati si ukubwa wa sauti

Wati ni kipimo cha kasi ya kutumia nishati. Wati za amplifaya hueleza ni nishati kiasi gani ya umeme yaweza kupelekwa kwenye spika kila sekunde, wala hazielezi sikio litasikia nini. Sikio la binadamu haliongezi usikivu kwa hesabu ya kujumlisha bali kwa hesabu ya kuzidisha, na ndiyo sababu wanasayansi hupima sauti kwa desibeli, kipimo kilichojengwa juu ya logarithimu. Nguvu ya umeme ikizidishwa mara 10, sauti huongezeka kwa desibeli 10. Na nyongeza hiyo ya desibeli 10, kwa wasikilizaji wengi, husikika kama sauti iliyokua mara mbili tu. Kwa hiyo amplifaya ya wati 100 haipigi kelele mara mia kuliko ya wati 1. Kwa spika ile ile, husikika kama mara nne.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, ni wepesi wa spika kugeuza umeme kuwa sauti. Hupimwa kwa kuipa spika wati 1 na kusikiliza kwa chombo kilichowekwa umbali wa mita 1. Spika nzuri ya gitaa yenye upana wa inchi 12 hutoa desibeli zipatazo 97 au zaidi. Spika ndogo iliyofungiwa ndani ya kisanduku kidogo yaweza kutoa 87 tu. Tofauti ni desibeli 10, maana yake spika ndogo huhitaji umeme mara kumi zaidi ili ifanye kazi ile ile. Anayebadilisha spika mbovu kwa spika njema amejiongezea wati mara kumi bila kununua wati hata moja.

Mwalimu wa kidato cha tatu au cha nne aweza kuwapa wanafunzi wake hesabu ifuatayo. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili, kwa umbali wa mita 1, hufikia desibeli zipatazo 60. Tuseme mpigaji wa nyumbani anataka desibeli 80, ambayo ni sauti ya kujaza chumba kabisa. Kwa spika ya desibeli 97, yatakiwa nguvu iliyo pungufu ya wati 1 kwa desibeli 17. Kumi kwa kipeo cha 1.7 ni kama 50. Wati 1 ikigawanywa kwa 50 hupatikana wati 0.02. Mtambo wa wati 100 katika chumba hicho unatumia sehemu moja kati ya elfu tano ya uwezo wake! Ni kweli kwamba kila uzi unapokwanyuliwa, sauti huruka ghafla juu ya wastani, pengine kwa desibeli 10 au zaidi, hivyo yafaa kuacha akiba. Hata akiba hiyo ikihesabiwa, wati 0.2 zatosha. Kwa spika dhaifu ya desibeli 87, jibu ni wati 2. Kwa hiyo amplifaya ya wati 1 hadi 5 ndiyo ya nyumbani, na mwenye wati 10 tayari ana ziada.

Jirani naye ahesabiwe. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Desibeli 80 kwa mita 1 huwa 56 kwa mita 16, yaani chini kidogo ya mazungumzo. Lakini desibeli 100, ambazo wati 2 tu na spika njema hukaribia kuzitoa, huwa 76 kwa umbali huo huo. Kuta za udongo au mawe husaidia, ila nyumba nyingi zina uwazi kati ya ukuta na paa, na sauti hupita pale kama upepo. Katika kijiji cha wavuvi jambo hili si dogo. Nyakati za giza la mwezi wavuvi wa dagaa hukesha baharini na taa zao, wakalala mchana. Saa ya mazoezi ya kijana ndiyo saa ya usingizi wa mtu aliyerudi alfajiri.

Masikio ya mpigaji mwenyewe yako karibu zaidi kuliko ya jirani. Taasisi ya Marekani ishughulikiayo usalama na afya kazini, NIOSH, hushauri kwamba mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda upunguzwe kwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. 91 ni saa 2. 94 ni saa 1. 97 ni nusu saa. Mtambo wa wati 1 wenye spika njema, ukifunguliwa wote, hufika hapo. Chembe za sikio la ndani zipokeazo sauti, zikifa, hazioti tena.

Sauti ya kukwaruza

Wapigaji wengi hupenda sauti yenye mkwaruzo, ambayo hutokea pale amplifaya inapodaiwa zaidi ya uwezo wake na vilele vya mawimbi vikakatwa. Valvu, zile taa za kioo zilizokuwamo katika redio za zamani, huvizungusha vilele hivyo polepole. Transista, ikiachwa bila ufundi, huvikata kwa ghafla, na sikio hutambua tofauti. Hapo huja ushauri kwamba kijana anunue amplifaya ndogo ya valvu. Ushauri huo una ukweli, lakini kwa nyumba ya Tumbe una kasoro. Ili valvu ya mwisho ikwaruze lazima ifanye kazi kwa nguvu zake zote, na hata wati 5 za namna hiyo ni makelele. Isitoshe valvu hula umeme kabla ya kutoa sauti. Valvu moja ya aina ya EL84, ile ya wati zipatazo 5, hutumia volti 6.3 na ampea 0.76 kwa kujipasha moto tu, yaani karibu wati 4.8.

Njia iliyo bora ni mtambo wenye vidhibiti viwili: kimoja cha hatua ya mwanzo, ambapo mkwaruzo hutengenezwa kwa umeme mdogo, na cha pili cha hatua ya mwisho, ambacho huamua ni kiasi gani kifike kwenye spika. Hapo mkwaruzo hupatikana kwa sauti ya mazungumzo. Besi, hata hivyo, itaonekana imepungua. Kosa si la mtambo. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio huwa zito kwa sauti nene zinapokuwa za chini. Uzi mnene wa gitaa hutikisika mara 82 kwa sekunde, nao ndio wa kwanza kufifia. Kidhibiti cha besi kiongezwe kidogo.

Umeme wa waya na umeme wa betri

Pemba ilitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha, karibu na Chake Chake, hadi mwaka 2010 waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipounganishwa. Hata palipo na umeme wa waya, mwenye busara hufikiria betri, kwa kuwa umeme hukatika na mwanga wa jua hauna ankara.

Betri nayo ina mpaka wake, na mpaka huo hautangazwi kwenye maboksi. Katika mtambo wa kawaida wa transista unaotumia betri ya volti 12, wimbi laweza kupanda volti 6 tu juu na kushuka volti 6 tu chini ya katikati. Kwa spika ya omu 8, nguvu kubwa kabisa ni 6 mara 6, gawanya kwa mara mbili ya 8, yaani wati 2.25. Kwa betri ndogo ya volti 9, ni kama wati 1.27. Mitambo miwili ikiunganishwa ili mmoja usukume wakati mwingine unavuta, spika hupata wimbi maradufu na nguvu mara nne, yaani wati 9 kwa volti 12. Kwa kweli hupungua kidogo kwa sababu transista zenyewe hula sehemu ya volti. Kisanduku cha betri moja ya volti 12, kisicho na mzunguko wa kupandisha volti, kilichoandikwa "wati 200" basi kimeandikwa na mtu asiyejua hesabu, au anayeijua sana.

Mtambo unaovuta nusu ampea, ukiunganishwa na betri ya sola ya ampea-saa 7 ambayo haitakiwi kumalizwa zaidi ya nusu, utafanya kazi kwa saa 7. Ni mazoezi ya siku kadhaa.

Redio kaseti haifai?

Asiye na fedha huchomeka gitaa katika redio, na hushangaa kusikia sauti iliyofifia kama ya mtu anenaye ndani ya shuka. Koili za kunasia sauti chini ya nyuzi zina maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba, na koili huzuia mkondo zaidi kadiri mitikisiko inavyokuwa ya kasi. Koili ya henri 4, kwa mitikisiko 3,000 kwa sekunde, ina kizuizi cha omu zipatazo 75,000. Redio nyingi hupokea ishara kwa ukinzani wa omu 47,000 au pungufu, hivyo sehemu kubwa ya sauti nyembamba hupotea njiani. Amplifaya ya gitaa hupokea kwa ukinzani wa omu milioni moja hivi, na koili hailemewi. Mwanafunzi mwenye mkono wa ufundi aweza kujenga kidaraja cha transista moja ya aina ya FET, kwa betri ya volti 9, na redio itafaa kwa kujifunzia.

Nyuzi zilizoungwa na ardhi

Jambo hili halihusu ubora wa sauti bali uhai. Ili kuzuia mvumo, nyuzi za gitaa la umeme huunganishwa na bati la amplifaya, na bati hilo huunganishwa na waya wa ardhi ambao mafundi huuita ethi. Mpigaji basi ameshika bati la mtambo kwa vidole kumi. Ethi ikiwa nzima, umeme ukivuja hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika. Ethi ikikatwa, ama kwa plagi ya miguu miwili ama kwa fundi aliyeing'oa ili mvumo upungue, umeme utapita kwa mpigaji, hasa akiwa peku juu ya sakafu yenye unyevu. Mwili uliolowa una ukinzani unaoweza kushuka hadi omu 1,000. Volti 230 hupitisha ampea 0.23, ilhali ampea 0.03 tu zahesabiwa kuwa za hatari. Mtambo wa betri hauna hatari hii, na hiyo peke yake ni sababu ya kuupendelea kwa mtoto. Ndani ya mtambo wa valvu, kapasita huweza kushika volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Asiye fundi asiufungue.

Mitambo iliyotumika yapaswa kuangaliwa kibao cha nyuma. Ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, ya nchi za Ghuba 220 hadi 240. Chenye ukinzani usiobadilika kikitengenezwa kwa volti 100 na kupewa 230 hula nguvu mara 2.3 kwa 2.3, yaani zaidi ya mara tano, na huungua kabla mwenyewe hajakaa kitako.

Mnunuzi aende dukani na gitaa lake na waya wake. Afungue vidhibiti vyote bila kupiga, asikilize mvumo. Kisha aguse nyuzi. Mvumo ukipungua, ni kawaida, kwa kuwa mwili wake umeunganishwa na ardhi ya mtambo. Akisikia mwasho vidoleni, achomoe na aondoke. Kisha azungushe kila kidhibiti polepole: kikikwaruza, chumvi ya bahari imekwisha kuingia, na dawa yake ni kusafishwa kwa spiriti. Nyumbani auweke mbali na dirisha lielekealo pwani, auvike kitambaa baada ya kuuzima na kupoa, na tundu la kuchomekea waya alifute kila mwezi.